Jagua Bila Mkaa

Zamu ya kupanda meli ilikuwa ya Ercilia, na Idalmis, mke wa mwanawe, aliitaka.

Kila mara ile meli ndogo ya watalii ilipotia nanga kwenye mlango wa mto wetu, ilichukua mwanamke mmoja wa kijiji chetu, Bajo Tigre, ikaenda naye mpaka Colón, upande wa pili wa mfereji wa meli. Kazi yake ilikuwa kukaa sitahani, kusuka vikapu vya chunga, mtende wa msituni, mbele ya abiria na kuwapaka mikononi jagua, maji ya tunda yanayotia ngozi weusi, kisha kurudi nyumbani kwa basi. Wanawake walijipangia zamu wenyewe, na zamu haikuwa kitu cha kuchezea. Kuna ndugu wawili kijijini ambao mpaka leo hawaazimani chumvi kwa sababu ya zamu hiyo.

"Miguu yako imevimba, mama," Idalmis alisema.

"Miguu yangu haijakuomba ushauri."

"Ngazi za meli ni nyembamba."

"Mimi napanda ngazi ya gogo tangu sijaota meno." Ercilia alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, anachana majani ya chunga kwa ukucha wa kidole gumba. Hakuinua macho. "Sema unachotaka. Unamfuata mumeo."

"Mume wangu ninaye."

"Kama unaye, msubiri hapa."

Chini ya nyumba kuku walikuwa wanapekua maganda ya ndizi. Ercilia akachana jani jingine, akaliweka juu ya mwenzake.

"Chukua zamu," akasema mwishowe. "Lakini ukirudi usinisimulie ulichokiona. Mimi mama yake, itanibidi nimtetee, na kazi hiyo siipendi."

Otniel alikuwa dereva wa boti ya mpira ya meli ile tangu mvua zilipokatika. Akija nyumbani alikuja na samaki, sabuni ya kunukia, na Graciela. Samaki na sabuni vilikwisha. Graciela hakuisha. Graciela anasema ndege yule si kasuku wa kawaida. Graciela anasema kahawa yenye sukari nyingi inaua ladha. Mwanamume aliyekunywa kahawa kama uji wa miwa tangu utotoni sasa alikunywa chungu, akikunja uso, akisema ni tamu. Kuna asubuhi alisimama kizingitini, akainua kidole, akaliambia jua lililokuwa linachomoza, "Nyote tazameni kushoto," kisha akacheka peke yake. Idalmis alikuwa nyuma yake na sufuria mkononi. Alitamani kuirusha.

Graciela Umaña alikuwa mwongoza watalii wa meli, mwanamke wa Kosta Rika. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza abiria msituni na kuwaeleza kila kinachopumua. Idalmis alikwisha kumwona kwa mbali, akishuka kwenye mtumbwi. Shingo ndefu, kofia ya majani, sauti ya chini iliyowalazimisha watu wamsogelee ili wamsikie. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mwanamke anayepayuka huwezi kumwogopa.

Siku ya safari Idalmis alifunga vitu vyake: nyuzi za chunga, sindano, paruma mbili za kujifunga, kijiti cha kupakia chenye meno mawili, na kibuyu cha maji ya jagua aliyoyachemsha jana yake.

"Umebeba jagua, hukubeba mkaa," Ercilia alisema.

"Mkaa nitaupata hukohuko."

"Melini wanapika kwa gesi, mwanangu."

Idalmis alikuwa amesahau tu. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye kopo la mkaa uliosagwa, na mkono ukasimama njiani.

Kwetu hata mtoto anajua jambo hili. Maji ya jagua hayana rangi. Ukiyapaka mwilini huoni kitu ila unyevu, na kwa hiyo mpakaji huyachanganya na mkaa ili macho yaone mkono unakokwenda. Mkaa unaoshwa ukaisha. Jagua yenyewe hutokea asubuhi, nyeusi inayoelekea buluu, na hapo hakuna sabuni itakayoiondoa mpaka ngozi yenyewe iamue kuiacha. Tena jagua mbichi inaambukiza. Mguse mtu aliyepakwa kabla hajakauka, na kesho utakuwa nayo kiganjani.

Idalmis aliurudisha mkono wake bila kopo.

Alipokuwa anateremka ngazi alikuwa ameshaamua. Graciela atapakwa mgongoni, jioni, jagua nzito, bila mkaa. Atakayemgusa hatajua amegusa nini. Asubuhi viganja vya Otniel vitasema. Vikiwa vyeusi, Idalmis atashuka Colón, atapanda basi peke yake, na akifika Bajo Tigre atatupa nje kila kitu cha mwanamume huyo, kuanzia chandarua mpaka viatu vyake vya mpira. Hata Ercilia hatakuwa na la kutetea.

Asubuhi hiyo, kabla ya kupanda meli, abiria walipelekwa msituni nyuma ya kijiji. Idalmis alifuata nyuma yao, kana kwamba anatafuta majani. Mbele alikwenda Otniel na panga, halafu Graciela, halafu kundi la wazee wa Kizungu wenye soksi ndefu, wakinuka dawa ya mbu. Kima walikuwa wananguruma upande wa mto. Graciela aliinua vidole viwili. Hakusema neno wala hakugeuka. Otniel akasimama palepale, akatazama juu ya mti, akageuza kiganja chini. Graciela akaitikia kwa kichwa, na kundi zima likasimama. Tai mkubwa alikuwa amekaa kwenye tawi, manyoya ya kichwani yamesimama, akiwatazama kama mtu aliyekatizwa chakula.

Abiria walimwona tai. Idalmis aliona vidole.

Alikuwa ameolewa na mtu huyu kwa masika manne, na hajawahi kumsimamisha kwa vidole viwili. Yeye ili asimame ilibidi amwite, amwite tena, kisha amtukane. Huyu mgeni aliinua vidole, na mume wake akawa mguu wa mwili wake.

Walipokuwa wanarudi Otniel alimngoja njiani.

"Umefurahi kuja na meli?" akamuuliza.

"Kwani wewe hujafurahi?"

"Nimefurahi. Nimekuuliza wewe."

"Tai alikuwa mzuri," Idalmis alisema, akampita.

Jioni meli ilikuwa imeng'oa nanga na pwani ya Darién imebaki mstari wa kijani. Ilikuwa meli ndogo, sitaha mbili tu na jiko lililotoa harufu ya nazi mchana kutwa. Mpishi wake, Wenceslao, mtu wa Colón, mnene, mjane, aliimba akikaanga, na alimwita kila mtu mtoto wangu, hata kapteni. Idalmis aliketi kwenye tezi, nyuma ya meli, akawapaka abiria wachache kwenye vifundo vya mikono. Walitazama ngozi zao zilizolowa na wakauliza mbona haionekani.

"Kesho," Idalmis aliwajibu. "Msiguse mpaka kesho."

Graciela alikuja mwisho, akakaa chini mbele yake, akampa mgongo bila hata kuulizwa. Alikuwa amevaa fulana ya mikanda myembamba.

"Nimekungoja wewe, dada," alisema. "Mumeo anasema mkono wako ni mzuri kuliko wote mtoni."

"Anasema hivyo?"

"Kila siku. Tumechoka."

Idalmis alichovya kijiti. Mgongo ule ulikuwa mrefu, una madoa madogo ya jua mabegani, na nywele chache zilizotoroka kwenye fundo. Aliutazama kama anavyotazama nguo ya mtu mwingine kwenye kamba, akijiuliza ingemkaa vipi. Kisha akaanza, kuanzia shingoni, bega kwa bega, mpaka kiunoni. Alipaka umbo la mgongo wa nyoka, meno juu ya meno, na kila mstari akaurudia mara mbili ili unywe vizuri. Bila mkaa alikwenda kwa kumbukumbu ya mkono. Hakukosea hata mahali pamoja, na hilo lilimpa furaha mbaya.

"Naona leo hujaweka mkaa," Graciela alisema. "Wenzako huwa wanaweka."

"Wa zamani walipaka hivi."

"Sikujua."

"Huwezi kujua kila kitu. Usioge mpaka asubuhi."

"Na nikilala?"

"Lala kifudifudi," Idalmis alisema, "kama unalala peke yako."

Graciela alicheka kidogo, akainuka, akaenda zake kuelekea jikoni. Idalmis alimfuata kwa macho. Otniel alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kikombe mkononi. Graciela alipita karibu naye, karibu mno, mlango wenyewe ni mwembamba. Otniel akajibana ukutani, akainua kikombe juu. Hakumgusa. Mbele za watu nani angemgusa, Idalmis alijiambia.

Baada ya chakula alishuka kwenye chumba chao kidogo chini ya sitaha, akakaa kitandani na mikono yake mapajani, viganja juu. Ilikuwa bado inanata. Otniel alifika mlangoni, nywele zina maji, ananukia ile sabuni. Alimtazama mkewe usoni, akamtazama mikononi, akasimama hapohapo.

"Nitalala juu leo," akasema.

"Juu wapi?"

"Sitahani. Asubuhi na mapema tunapokea rubani wa mfereji."

"Rubani huyo analetwa na wewe au anakuja mwenyewe?"

"Idalmis."

"Nimeuliza tu."

"Lala, mke wangu," Otniel alisema, akafunga mlango taratibu, kwa ncha za vidole.

Yule aliyekuwa hajalala na mkewe tangu mwezi mchanga akaenda kulala kwenye mbao. Idalmis aliisikiliza miguu yake ikipanda ngazi, akajaribu kusikia kama imegeuka kulia, kwenye vyumba vya wafanyakazi, au kushoto. Injini ilikuwa inanguruma na haikumwambia kitu. Akajilaza akaukumbatia wivu wake kama mtoto mwenye homa. Ulikuwa na joto, na haukumwacha apate usingizi.

Asubuhi alipanda juu meli ikiwa tayari inaingia kwenye chumba cha kwanza cha maji. Kuta za zege zilisimama pande zote mbili, zimelowa, zina mwani. Mbele yao malango ya chuma yalikuwa yamefungwa, marefu kuliko mti. Juu ya ukuta wanaume wa mfereji walizungusha kamba nyembamba zenye fundo zito mwishoni, wakazirusha. Otniel alikuwa omo, mbele ya meli. Aliidaka kamba yake hewani, akaifunga kwenye amari, kamba nene ya meli, akawapungia waivute.

Alikuwa amevaa glavu za ngozi.

Idalmis alikuwa amefikiria mambo yote isipokuwa glavu. Alisimama nyuma ya abiria, mikono yake mwenyewe myeusi mpaka kwenye vifundo, kama ya kila mpakaji, akatazama zile glavu. Maji yalianza kuingia kutoka chini, yakachemka bila moto, na meli ikapanda pamoja na watu wake, polepole, mpaka ukuta ukawa mfupi na kichwa cha mtu wa juu kikawa sawa na chao. Abiria walipiga picha. Idalmis hakuona maji. Kila Otniel alipolegeza kamba, yeye aliinama kidogo aone kama ngozi ya kifundo imejitokeza. Glavu zilikuwa ndefu.

Abiria nao walikuwa wamechafuka vizuri. Wale waliopakwa jana walikuwa wamejikuna, na mzee mmoja wa Kanada alikuwa na pua nyeusi kama ya mbwa, akifurahi nayo, akiwataka watu wampige picha.

Halafu Graciela akaja mbele na kipaza sauti, akawapa abiria uso na wafanyakazi mgongo. Alikuwa na fulana nyingine ya mikanda. Mgongo wa nyoka ulikuwa umetokea wote, mweusi, meno juu ya meno, kazi safi kabisa. Na katikati yake, upande wa kiuno, palikuwa pamevurugika. Kiganja. Mtu alikuwa ameweka kiganja hapo, vidole vimetanuliwa, na hakukiondoa haraka.

Idalmis alikitazama kiganja hicho, akazitazama glavu za Otniel.

"Mkubwa huo mkono," alisema baharia mmoja nyuma yake, kwa sauti ya chini.

"Nyamaza wewe," mwenzake akamwambia. "Mke wa mtu yuko hapa."

Hakujiuliza walimaanisha mke wa nani. Alijua wamemaanisha yeye.

Tangu hapo hakumwacha Otniel. Walitoka kwenye malango ya kwanza, wakapita ya pili, wakaingia kwenye mkato wa mlima ambako ukuta wa mwamba umechongwa ngazi kama nyumba ya jitu. Meli kubwa ya makontena iliwapita, ikawafunika kivuli kizima. Otniel alikuwa anakunja kamba. Glavu. Akanywa maji. Glavu. Akajifuta jasho kwa kiwiko kama mtu aliyevunjika vidole.

"Vua hizo, upumzike," Idalmis alimwambia alipompita.

"Bado kuna kazi."

"Kamba imeshakunjwa."

"Itakunjuliwa tena." Alimtazama kidogo. "Umelala vizuri?"

"Kama malaika. Na wewe?"

"Mbao ngumu."

"Pole. Ungetafuta godoro."

Otniel alienda kukagua boti yake ya mpira.

Walipofika kwenye ziwa, maji yakafunguka na visiwa vyenye misitu vikatokea kila upande, ambavyo zamani vilikuwa vichwa vya milima. Meli ilipunguza mwendo, na meza ya chakula ikawekwa kwenye kivuli cha tezi. Wali wa nazi, samaki, ndizi mbichi zilizopondwa zikakaangwa. Wenceslao alizungusha sinia mwenyewe. Siku hiyo alikuwa na glavu za plastiki, na hakuwa anaimba. Idalmis hakumjali. Alikuwa anamtazama mumewe akikaa, akivuta glavu ya kulia kwa meno, halafu ya kushoto, akiziweka juu ya paja.

Akaushika mkono wake kabla haujafika kwenye sahani. Akaugeuza. Akausugua kwa kidole gumba. Akauchukua wa pili.

Safi. Sugu za panga, kovu la ndoana, mistari aliyoizoea. Safi kama ya mtoto aliyetoka mtoni.

"Unatafuta nini?" Otniel aliuliza.

Kabla hajapata la kusema, upande wa pili wa meza Wenceslao aliguna. Ndizi ilikuwa imetoka kwenye mafuta sasa hivi, na plastiki ilikuwa imemnata kidoleni. Aliivua glavu kwa haraka, akaitupa. Kiganja chake kilikuwa cheusi chote, mpaka kwenye ncha za vidole.

Mzee mwenye pua nyeusi alitazama kiganja kile, akatazama mgongo wa Graciela aliyekuwa anachota wali, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Umeungua, Wenceslao?" kapteni aliuliza.

Mpishi alifikiria kidogo. "Nimeungua, mtoto wangu," akasema. "Tangu tulipokuwa Puntarenas, kule Kosta Rika."

Mabaharia walicheka mpaka mmoja akamwagikiwa na maji. Graciela aliweka kijiko chini. Masikio yake yalikuwa mekundu, lakini alikwenda, akamtoa Wenceslao glavu ya pili yeye mwenyewe, akakaa karibu naye. "Haya, mmeshaona," akawaambia wote. "Kuleni." Kisha akamgeukia Idalmis, na hapo hakuwa anacheka. "Dada, jana niliona hakuna mkaa, nikakuamini."

Idalmis alitazama sahani yake. Alikuwa amejiandaa kwa kiganja cheusi cha mumewe. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kiganja cheusi, na sasa hakuna hata moja lililofaa.

Otniel aliinuka. "Njoo," akamwambia.

Walisimama nyuma kabisa, ambapo maji ya ziwa yalipasuliwa na meli yakatoa povu. Mamba mmoja alikuwa amejilaza kwenye tope la kisiwa. Otniel alizishika zile glavu kwa mkono mmoja, akizipigapiga kwenye ukingo.

"Ulifikiri sikujua?"

"Kujua nini?"

"Idalmis, mimi mtoto wa Ercilia. Nimelala na kuamka kwenye jagua. Graciela alipopita pale mlangoni jana nilisikia harufu, nikaona mgongo umelowa na hauna alama. Jagua bila mkaa. Nani anapaka mgongo mzima bila mkaa, akiwa na akili zake?" Alipiga glavu tena. "Nikajua ametegewa nani."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeniuliza, ningesema."

"Ningekuuliza ungejibu nini?"

"Ningejibu hapana."

"Ndiyo maana sikuuliza."

Otniel alicheka kwa pua, si kwa furaha. Na polepole Idalmis aliona ubaya wa mtego wake. Ulikuwa mtego wa kumnasa mtu asiyeijua jagua, mpishi wa Colón, mzee wa Kanada. Yeye alikuwa amemtegea mtu aliyefundishwa, kabla ya kufundishwa kutembea, kukaa mbali na ngozi iliyolowa. Viganja safi vya Otniel havikumwambia chochote. Vingekuwa safi hivyohivyo kama angekuwa na hatia ya mwaka mzima.

"Na mimi?" akauliza. "Jana hukuja kulala. Hukunigusa hata kidole."

"Mikono yako ilikuwa imelowa. Leo nilikuwa na kamba mbele ya rubani. Na mama alinilea hivi, mpakaji akimaliza, kaa upande wa pili wa moto." Alimtazama. "Tena nilikuwa nimekasirika."

"Mnaitana kwa vidole."

"Nini?"

"Wewe na yeye. Msituni. Anainua vidole viwili, unasimama."

"Ni kazi, Idalmis. Ukisema, ndege anaruka."

"Mimi nikikuita unasema nakuja, na huji."

Otniel alizikunja zile glavu.

"Na kama viganja vingekuwa vyeusi?" akauliza Otniel mwishowe.

"Ningeshuka Colón, na vitu vyako ungevikuta nje."

"Na vikiwa safi?"

"Hilo sikulifikiria."

Otniel aliitwa omo. Yalikuwa yamebaki malango ya upande wa Atlantiki, vyumba vitatu vya kuteremka, na kamba hazikunjuki zenyewe. Idalmis alibaki pale. Meli ilishuka pamoja na maji, ngazi moja, halafu nyingine, na kila mara kuta ziliinuka juu yake zikachuruzika, na yeye akawa anashuka na maji, akiwa na hasira ambayo sasa haikuwa na mahali pa kukaa. Graciela alipita na kipaza sauti chake. Mgongo wake uligeuka mara moja. Kiganja cha Wenceslao kilikuwa kimekaa palepale, kinene, kimetulia, kama kilikuwa na haki.

Jua lilipoanza kuinama walikuwa wametia nanga kwenye ghuba ya Colón, pamoja na meli nyingine nyingi zinazosubiri. Asubuhi yake boti ingewashusha. Idalmis alikwenda chini akachukua kibuyu, akamkuta Otniel ameketi juu ya rundo la kamba, anachomoa nyuzi za kamba zilizomchoma gotini.

"Nipe mkono," akamwambia.

"Upi?"

"Wa kulia."

Alikaa mbele yake, akachovya kijiti, kisha akakiona kijiti kinachelewa, akakiweka kando. Akamimina. Maji ya jagua yasiyo na rangi yakajaa kwenye kiganja cha mumewe, yakateremka katikati ya vidole, yakadondoka sitahani. Akayasambaza kwa kidole gumba mpaka kila mstari ukanywa.

"Shika unachotaka kushika," akasema.

Otniel alikitazama kiganja chake kinachong'aa. "Unanitega tena?"

"Ndiyo."

"Mbele ya macho yangu."

"Ndiyo. Safari hii sijakuficha."

Otniel alitazama huku na huku, kama mtu anayechagua. Baharia mmoja alikuwa anapita, akaruka pembeni. Otniel akatabasamu kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Darién. Kisha akaupeleka mkono nyuma ya shingo ya mkewe, chini ya nywele, akauweka hapo, mzito, umelowa, akauacha. Ulikuwa wa baridi mwanzoni, halafu ukapata joto. Idalmis alihesabu mapigo ya moyo wake pale, chini ya kiganja, mpaka jagua ikakauka, na hata ilipokauka Otniel hakuuondoa.

Usiku huo alilala chumbani. Kitanda kilikuwa chembamba na hakulalamika.

Idalmis aliamka kukiwa kumekucha. Shingo ilikuwa inamwasha kidogo, kama jagua inavyofanya ikitokea. Juu ya beseni palikuwa na kioo. Otniel alikuwa bado amelala kifudifudi, mkono mmoja unaning'inia, kiganja cheusi tii.

Akajifunga paruma yake, akakipita kile kioo, akapanda ngazi.

Graciela alikuwa omo, kikombe cha kahawa mkononi, anatazama ndege mwari wakijitupa majini. Idalmis alimkaribia kutoka nyuma. Akaukagua mgongo wake, kutoka shingoni mpaka kiunoni, meno ya nyoka moja baada ya jingine. Palikuwa na kiganja kimoja, kilekile cha Wenceslao. Akapita upande wa kushoto, akatazama bega na mkono. Akapita wa kulia.

"Umepoteza nini, dada?" Graciela aliuliza bila kugeuka.

"Sindano yangu."

"Umeiona?"

"Haipo hapa," Idalmis alisema.

Kisha akashuka chini kwenda kutazama shingo yake mwenyewe kwenye kioo.